Hoteli ya kulala kabla ya kupanda meli: nitaje bei au ninunue chumba ninachokijua?

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Lindi mjini. Mwanangu aliye Uingereza ametulipia mimi na kaka yangu safari ya meli ya kitalii ya siku saba. Tunapanda Barcelona tarehe 19 Septemba na kushuka hapohapo tarehe 26, baada ya kupita Marseille, Genoa, Civitavecchia, Palermo na Tunis. Hoteli tujitegemee wenyewe: siku moja kabla ya meli na siku mbili baada yake. Kijana wa jirani anasema kuna tovuti za Marekani ambako unataja bei yako, na hoteli ikikubali unalala kwa nusu ya gharama. Anataka tumpe elfu hamsini na namba ya kadi atufanyie. Nilichokiona mwenyewe mtandaoni ni chumba cha vitanda viwili kwa euro 150, na kingine ambacho jina la hoteli limefichwa kwa euro 105. Kaka ana goti bovu. Hatujawahi kutoka nje ya nchi na viza bado. Tufanyeje?

Jibu: Shikamoo, Mwalimu, na kaka naye nampa shikamoo yake. Nianze na lile la kadi, maana ndilo lililonitia wasiwasi kuliko mengine: usimpe mtu yeyote namba zake, hata akiwa mtoto uliyemfundisha mwenyewe. Mwenye zile namba za mbele na zile tatu za nyuma anaweza kununua chochote duniani kwa jina lako. Kazi anayotaka kukufanyia kwa elfu hamsini ni ya robo saa, na mwanako anaweza kuifanya akiwa hukohuko Uingereza mkiwa mnaongea kwa simu.

Kijana hajadanganya, ila habari yake imechelewa. Kampuni ya Priceline ilianza Marekani mwaka 1998 kwa mtindo huohuo aliokueleza. Ulikuwa unachagua mtaa wa mji, idadi ya nyota na tarehe, unaweka dau lako na namba ya kadi. Ikitokea hoteli iliyolikubali, fedha inakatwa papo hapo, na hapo ndipo unaambiwa jina la hoteli. Dau likikataliwa, hukuruhusiwa kurudia na bei nyingine siku hiyohiyo mpaka ubadilishe kitu, kwa mfano uongeze mtaa au ushushe nyota. Wazoefu waligundua ujanja: wanaongeza mtaa ambao wanajua hauna hoteli ya nyota walizotaka, wanapata nafasi ya kuweka dau tena bila hatari ya kutupwa huko. Watu walishinda hivyo usiku kucha, wakipandisha dola mbili mbili. Kwa tiketi za ndege mtindo huo uliondolewa mwaka 2016, na baadaye ukaondolewa kwenye hoteli pia.

Kilichobaki ndicho hicho ulichokiona mwenyewe. Tovuti inakutajia bei, mtaa, nyota, alama walizotoa wageni na orodha ya huduma, lakini jina inalificha mpaka ulipe. Priceline inafanya hivyo, Hotwire nayo ya Marekani, na Uingereza iko lastminute.com yenye hoteli zake za siri. Wakati mwingine Priceline hukuonyesha hoteli tatu kwa majina na kukuambia utapata mojawapo. Hiyo ndiyo aina ninayoiogopa kidogo kuliko zote, kwa sababu unaweza kuzikagua zote tatu kwanza na kukataa kama mojawapo haikufai.

Sisi wa kusini biashara hii tunaielewa kuliko tunavyodhani. Kwenye mnada wa korosho tuliouzoea, mnunuzi alikuwa anaandika bei yake, karatasi inaingia kwenye sanduku, inafunguliwa mbele ya wakulima, na wakulima wana haki ya kukataa. Mwaka 2018 Tandahimba na Newala walikataa kweli, magunia yakabaki ghalani. Sasa fikiria hoteli ndiyo mkulima na wewe ndiye mnunuzi. Kuna tofauti mbili kubwa. Ya kwanza: korosho ikikataliwa bei leo inakaa ghalani ikisubiri mnada ujao, lakini kitanda kilicholala wazi usiku wa leo hakiuziki kesho. Kwa hiyo hoteli iko tayari kushusha bei kama mvuvi wa pweza jua linapozama, ila haitaki wateja wake wa kawaida waione bei hiyo, ndiyo maana inaficha jina. Ya pili inakuhusu wewe moja kwa moja. Mnunuzi wa korosho analijua ghala na anajua daraja la mzigo. Wewe unalipia daraja tu, ghala utaonyeshwa baadaye, na ukishalipa huwezi kurudisha, kubadilisha tarehe wala kubadilisha jina.

Hapo sasa ndipo viza inapoingia, na hapa ushauri mwingi wa Wazungu hautufai, maana Mmarekani anayepanda meli Barcelona hahitaji viza. Sisi tunahitaji ya Schengen, viza moja inayotumika kwenye nchi nyingi za Ulaya, Hispania, Ufaransa na Italia zikiwemo. Ombi linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na lisipungue siku 15 kabla. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na haikurudii ukinyimwa. Wanataka bima ya safari isiyopungua euro 30,000 na uthibitisho wa mahali utakapolala. Mtu akisoma hilo la mwisho anakimbilia kulipia chumba cha bei poa ili awe na karatasi. Nimewaona waliofanya hivyo, wakanyimwa viza, na fedha ya hoteli ikaenda pamoja na ada. Mama mmoja wa Masasi alikuja kwangu na karatasi yake ya hoteli iliyolipiwa yote, viza hana, na nilipiga simu mpaka nikachoka; jibu lilikuwa lilelile, masharti aliyakubali siku aliponunua. Bado inaniuma, kwa sababu angeniuliza wiki mbili kabla ningemzuia.

Kwa hiyo kwanza weka chumba kinachoghairika bure, chenye jina la hoteli, kwa siku zote mtakazolala Barcelona, majina yenu mawili yakiwa kama yalivyo kwenye pasipoti. Tovuti za kawaida za hoteli zina vyumba vya namna hiyo vingi. Soma tarehe ya mwisho ya kughairi na uiandike ukutani. Hiyo ndiyo karatasi ya kupeleka ubalozini. Viza ikitoka, ndipo uanze kutafuta bei ya chini zaidi. Ukiipata, unaghairi kile cha kwanza. Usipoipata, pa kulala unapo tayari.

Na kwenye viza yenyewe kuna neno moja la kuangalia kabla ya mengine. Meli yenu inakwenda Tunis. Tunisia haimo Schengen. Marseille, Genoa, Civitavecchia na Palermo ni kama kutoka Lindi kwenda Kilwa, lakini mkifika Tunis mmetoka nje, na kurudi Barcelona ni kuingia upya. Ombeni viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Aliye na viza ya kuingia mara moja anaweza kuzuiwa kupanda meli tangu siku ya kwanza, seuze kulala hoteli siku ya 26. Muulize pia mwanako aiulize kampuni ya meli kuhusu masharti ya Tunisia kwa pasipoti ya Tanzania, apate jibu kwa maandishi.

Sasa tufanye hesabu, Mwalimu. Umeona euro 105 dhidi ya 150. Tofauti ya euro 45 ni zaidi ya laki moja ya kwetu kwa usiku mmoja, sikulaumu ukiitamani. Lakini chumba kilichofichwa jina kinahakikishiwa watu wazima wawili, basi. Aina ya kitanda haihakikishwi. Unaweza kuomba vitanda viwili, na hoteli inaweza kukujibu kwamba vimeisha. Mume na mke hilo haliwasumbui. Wewe na kaka yako mtasimama mapokezi saa mbili usiku mkiwa mmechoka, mbele yenu kitanda kimoja kikubwa. Kuwa na uhakika wa kulala kwa heshima itabidi mnunue vyumba viwili, yaani euro 210, huku vile vitanda viwili vyenye jina ni euro 150. Hapo punguzo limegeuka kuwa nyongeza ya euro 60. Hii ndiyo sababu nasema mtindo huu umetengenezwa kwa wanandoa na kwa anayesafiri peke yake, na ndugu wanaosafiri pamoja huwaumiza.

Goti la kaka nalo lina sauti yake. Mtaa wa kale wa Barcelona, ule unaoitwa Gothic Quarter, una majengo ya zamani na vichochoro visivyoingia gari. Hoteli nyingi zina lifti, zipo zenye ngazi kadhaa kabla hujaifikia hiyo lifti, na wakati jina limefichwa huwezi kupiga simu kuuliza.

Usiku wa tarehe 18, ule wa kuamkia meli, nakushauri kabisa usiuingize kwenye bahati nasibu. Meli haingoji. Milango hufungwa muda mrefu kabla ya kung'oa nanga, mara nyingi saa nzima au zaidi, na aliyejinunulia ndege na hoteli mwenyewe akichelewa, hasara ni yake. Tena nyinyi mnatoka Lindi. Kuna kilomita zaidi ya mia nne mpaka Dar kwa barabara, na hatujasahau Mei 2024 mvua ilipoikata barabara pale Somanga, mabasi yakalala njiani. Septemba ni kiangazi, lakini basi kuharibika hakuna msimu. Mkiamua kwenda Mtwara kupanda ndege, ndege nayo huahirishwa. Ningekuwa mimi ningefika Dar siku mbili kabla ya ndege kubwa, na Barcelona ningefika tarehe 17, siyo 18. Usiku huo mmoja wa ziada una thamani kuliko punguzo lolote la hoteli, hasa mkipitia Istanbul au Doha ambako mnabadilisha ndege na mizigo huweza kubaki nyuma. Begi likichelewa, litakukuta hotelini kesho yake. Ukiwa umeshapanda meli, litakufuata Marseille kama Mungu akipenda.

Kwa hizo siku za kabla, tafuta hoteli yenye jina, inayoghairika, vitanda viwili vimeandikwa kwenye uthibitisho, alama za wageni zisipungue 8 kwa 10. Mimi alama za wageni naziamini kuliko nyota, kwa sababu nyota tovuti inaweza kujipangia yenyewe, na nyota nne ya tovuti moja ni tatu ya nyingine. Mahali pazuri ni karibu na sanamu ya Columbus, chini ya barabara ya La Rambla, au mtaa wa Eixample ulio na barabara pana zilizonyooka. Meli kubwa nyingi zinafunga gati Moll Adossat, ambayo ni ndefu na iko ng'ambo ya daraja. Msijaribu kutembea na mabegi. Kuna basi la bandarini linaloanzia karibu na hiyo sanamu, ila kwa goti la kaka chukueni teksi. Waombe kampuni ya meli wawaambie jengo gani la abiria, maana yako mbalimbali na dereva atauliza. Na La Rambla ina wezi wa mifukoni wenye mikono laini sana. Pasipoti zikae ndani ya nguo.

Siku mbili za baada ya meli ndizo zenye nafasi ya kubana matumizi. Hapo hamna meli ya kuwahi, mna ndege tu. Kwa kawaida ningesema wazi: jaribu chumba cha jina lililofichwa. Tatizo ni kalenda. Tarehe 24 Septemba ni kilele cha La Mercè, sikukuu ya mji wa Barcelona, na shamrashamra zake huchukua siku kadhaa, ngoma, fataki na watu kupandiana mabegani kujenga minara. Mkishuka tarehe 26 mnaweza kukuta katikati ya mji bado kumejaa. Hoteli iliyojaa haina haja ya kujificha ili iuze, kwa hiyo punguzo la kweli katikati ya mji wiki hiyo litakuwa dogo.

Nenda pembeni. L'Hospitalet, mji ulioshikana na Barcelona upande wa uwanja wa ndege, una hoteli kubwa mpya zilizojengwa kwa ajili ya watu wa maonyesho ya biashara ya Fira Gran Via. Hoteli za namna hiyo huwa na wageni wengi siku za kazi na huwa na vyumba vitupu Jumamosi na Jumapili, isipokuwa kuna maonyesho. Ni majengo mapya, lifti zipo, na treni ya chini ya ardhi inakwenda uwanja wa ndege. El Prat karibu na uwanja wenyewe pia panafaa kama mnaondoka alfajiri. Huko ndiko ningetafuta vyumba vilivyofichwa majina, wiki mbili za mwisho kabla ya kuondoka nyumbani, viza ikiwa mkononi.

Ukifika hapo fanya hivi. Fungua ramani ya eneo linalouzwa na uangalie mipaka yake, siyo jina lake tu. Eneo moja la tovuti linaweza kuwa na hoteli mbili zilizo kilomita kadhaa kutoka moja hadi nyingine. Weka kidole kwenye kona mbaya kuliko zote ndani ya mipaka hiyo na ujiulize kama ungekubali kulala pale. Ukikubali, endelea. Ukisita, acha. Halafu chukua nyota, alama za wageni na orodha ya huduma za hicho chumba cha siri, ufungue tovuti ya kawaida, utafute hoteli za eneo hilohilo zenye sifa hizohizo. Mara nyingi zinabaki mbili au tatu, wakati mwingine moja tu: ina bwawa la juu ya paa, kifungua kinywa kimo, alama 8.6, nani mwingine? Siri imeisha. Ukiwa na vyumba viwili, vichague ndani ya manunuzi mamoja. Ukivinunua kimoja kimoja unaweza kujikuta wewe hoteli hii na kaka hoteli ile.

Kabla ya kubonyeza kulipa, tazama jumla ya mwisho, siyo bei ya juu ya ukurasa. Kodi na ada ya huduma huongezwa mwishoni. Na Barcelona ina kodi ya utalii inayotozwa kwa kila mtu kwa kila usiku, ambayo mara nyingi mnaidaiwa pale mapokezi hata kama chumba kimeshalipwa. Sasa linganisha jumla hiyo ya vyumba viwili na jumla ya chumba chenye vitanda viwili ulichokwisha kukiweka. Kama siyo ndogo zaidi, funga kompyuta, umeshinda tayari.

Kuhusu malipo: kadi ya mwanako inaweza kulipa, lakini wageni waandikwe nyinyi. Hoteli za Hispania zinalazimika kusajili pasipoti za wageni, jina lisipofanana mtakwama. Tena mapokezi huomba kadi ya mgeni mwenyewe ili washike amana kidogo. Kadi ya kwenye simu, ile ya namba tu bila plastiki, inanunua vizuri mtandaoni lakini mapokezi hawana cha kuchomeka. Nenda benki yako hapo Lindi mapema, chukua kadi halisi, uwaombe waifungulie matumizi ya nje na ya mtandaoni, na uwaulize kikomo cha siku. Jua pia kwamba amana ikishikwa kwenye kadi ya akaunti ya kawaida, fedha hiyo huigusi kwa siku kadhaa hata baada ya kuondoka hotelini. Kwenye akaunti msiweke fedha kamili ya safari tu. Iwe na ziada.

Meli itawashusha asubuhi, pengine saa mbili, na vyumba hotelini hutolewa kuanzia saa nane au tisa mchana. Hiyo siyo shida. Mnaacha mabegi mapokezi, kaka anakaa kivulini, mnakunywa kahawa. Ila mwanako aipigie simu hoteli siku moja au mbili kabla, aseme wageni ni wazee wawili, mmoja ana goti, chumba kiwe karibu na lifti. Kwa hoteli ya siri simu hiyo hupigwa mara tu jina linapofunuliwa, na vitanda viwili viombwe hapohapo.

Karatasi za uthibitisho zote zichapishwe nakala mbili, moja begi lako, moja la kaka, na anwani ya hoteli iandikwe kwa herufi kubwa ya kumwonyesha dereva. Ukipata tarehe ya ubalozini niandikie, tuipitie orodha ya nyaraka pamoja kabla hujapanda basi la Dar.